Tia Sahihi, Kisha Urudi Kuuliza

Daftari lenyewe lilikuwa la kurasa 96, la aina ile yenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Tulilinunua baada ya swala ya alasiri, tukalipiga mistari kwa rula: jina, namba ya kitambulisho, nyumba, sahihi. Kisha tukaanza kubisha hodi. Mtaani kwetu hapa Mombasa palikuwa na jaa la taka nyuma ya ukuta wa shule ya watoto wadogo, na kila jioni mtu ambaye hatukuwahi kumjua alikuwa akilitia moto. Asubuhi watoto walisoma irabu huku wakikohoa moshi wa jana.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa mama mmoja mwuza mahamri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo sahihi ni ya nini tena? Ya chama? Maana mwaka ule wa kura walipita vijana kama nyinyi, tukatia, tukaambiwa tutaletewa mikopo. Hata sufuria sikuiona."

Nikamweleza habari ya jaa. Alijifuta unga mikononi, akalitazama daftari kama anavyotazama samaki sokoni, macho na matamvua, kisha akasema: "Mimi sina sahihi. Nina kidole." Hatukuwa na wino wa dole gumba. Mwenzangu akavunja kalamu, akampaka. Alama yake ikawa ya kwanza kwenye daftari, na kusema kweli ndiyo iliyosomeka vizuri kuliko zote, kwani sisi tuliosoma tulitia mikwaruzo.

Kwa siku nne tulipata sahihi 112. Tukaandika barua juu yake, tukaipa anwani: Kwa Yeyote Anayehusika. Tukaipeleka ofisi moja ya umma. Kijana wa mapokezi akaisoma mstari wa kwanza, akatuuliza kwa adabu kabisa, "Anayehusika ni nani?" Tukatazamana. Hatukujua. Akaipokea hivyo hivyo. Mara ya mwisho nilipoiona karatasi yetu ilikuwa mezani pake, chini ya chupa ya chai.

Kwa muda mrefu nilisimulia kisa hiki barazani kuonyesha jinsi serikali isivyosikia. Watu walicheka, nami nilijiona nimesema jambo. Siku hizi nakisimulia kwa aibu. Kosa la anwani lilikuwa letu. Na kosa kubwa zaidi pia lilikuwa letu: hatukurudi. Watu 112 walitupa majina yao, mama wa watu akatupa kidole chake, nasi tukaiacha amana yao ikae chini ya chai.

Ndiyo sababu ya wito huu. Nataka uandike. Lakini zaidi ya hapo, ukishaandika, nataka urudi kuuliza.

Kuna neno la zamani ambalo bado husikika katika Bunge la Kenya pale wanaposema Kiswahili: ardhilhali. Wengi tumelitupa, tunasema petisheni. Ni hasara, kwa kuwa neno hili lina maana ambayo petisheni haitupi. Limetoka Kiarabu, na ukilifungua ndani yake utakuta kuweka hali mbele ya mtu, kuianika aione. Mwenye kuleta ardhilhali anasema: hali yetu ni hii, nawe ndiye mwenye dhamana, sasa umeiona. Baada ya hapo mwenye dhamana hawezi tena kusema hakujua. Ndio uzito wote wa karatasi ile. Hana ruhusa tena ya kutojua.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeliweka jambo hili wazi mara mbili. Ibara ya 37 inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha ardhilhali kwa mamlaka za umma, kwa amani na bila silaha. Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lolote lililo katika mamlaka yake, ikiwemo kutunga sheria, kuirekebisha au kuifuta. Soma tena: kila mtu. Haikusema watu elfu moja, haikusema shirika lililosajiliwa, haikusema mwenye wakili. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 ikaishusha haki hiyo hiyo hadi kwenye bunge la kaunti na serikali ya kaunti, yaani mpaka kwa wale wenye lori la taka.

Msidhani ni mambo ya kuletewa juzi. Mwaka 1951, chini ya Mlima Meru, serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Nyumba zikachomwa. Lakini Tanganyika haikuwa koloni kama Kenya. Ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na Mkataba wa Umoja huo uliwaruhusu wenyeji kupeleka malalamiko moja kwa moja kwa Baraza la Udhamini. Wameru waliuona mlango huo wakabisha hodi. Wakachangishana nauli, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika New York kuisema hali ya watu wake, pamoja na Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi.

Je, walishinda? Hapana, si siku ile. Azimio la kuwatetea lilipofika Baraza Kuu lilikosa theluthi mbili za kura. Angekuwa mtu mwingine angerudi nyumbani akanyamaza. Kirilo alirudi akazunguka Tanganyika akisimulia kilichotokea, mji baada ya mji, na watu wakajifunza kwamba kumbe mwenyeji anaweza kusimama mbele ya dunia akaishtaki serikali inayomtawala. Chama cha TANU kilipoanzishwa mwaka 1954 kilikuta shamba limeshalimwa, na mwaka 1955 kiongozi wake, Nyerere, naye akapita katika mlango ule ule wa New York.

Turudi Pwani, maana habari ninayotaka kuikalia ni ya hapa hapa, na wengi wetu tunaipita kwa matatu kila siku bila kuijua.

Owino Uhuru ni mtaa wa mabanda viungani mwa Mombasa, wenye wakazi wapatao 3,000. Ukuta wa mtaa ndio ulikuwa ukuta wa kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Kiswahili hutumia neno moja kwa risasi ya bunduki na kwa madini haya, na katika habari ya Owino Uhuru sioni haja ya kuyatenganisha. Moshi ulishuka juu ya mabati. Mvua ikausomba hadi kwenye mapipa ya maji. Maji machafu ya kiwanda yalipita mtaani, watoto wakayachezea. Risasi ikiingia mwilini haikupi dalili ya haraka. Inakaa katika damu na mifupa, na kwa mtoto inaharibu ubongo unaokua. Wataalamu wa afya duniani hawajapata kiasi chake kinachoweza kuitwa salama.

Mwaka 2009 Phyllis Omido aliajiriwa na kiwanda hicho. Alikuwa mama mwenye mtoto mchanga, na kazi yake ilihusu uhusiano wa kiwanda na majirani. Mtoto akaugua, homa isiyoisha, hospitali haijui ni nini. Alipopimwa damu akakutwa na risasi; mama mwenyewe alikuwa akimnyonyesha. Omido angeweza kuacha kazi, akamtibu mwanawe, akahama. Kazi aliacha. Kisha akarudi Owino Uhuru kupima watoto wa wengine, na majibu yakaja yale yale.

Hapo ndipo alipoanza kuandika. Barua kwa ofisi ya mazingira, barua kwa ofisi ya afya, barua juu ya barua. Kulikuwa na maandamano. Mwaka 2012 akakamatwa na kushtakiwa kwa uchochezi, na baadaye mahakama ikamwachia huru. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman, ambayo ni heshima kubwa duniani kwa watu wa kawaida wanaotetea mazingira. Wengi wangedhani habari imekwisha: kiwanda kimefungwa, mama amepewa tuzo, picha zimepigwa. Lakini udongo wa Owino Uhuru ulikuwa ungali na risasi, na wagonjwa walikuwa wangali wagonjwa.

Basi mwaka 2016 wakazi wakaenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa. Julai 2020 mahakama ikawapa haki: fidia ya shilingi bilioni 1.3, na lawama kubwa ikaangukia taasisi za serikali zilizopaswa kukikagua kiwanda, pamoja na kiwanda chenyewe. Juni 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo. Fikiria kuipokea habari hiyo ukiwa nyumbani na mtoto mgonjwa. Wakapanda tena. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha ile bilioni 1.3.

Hesabu mwenyewe. Mtoto aliyezaliwa Owino Uhuru mwaka Omido alipoajiriwa alikuwa na miaka 15 hukumu ya mwisho iliposomwa.

Naweza kuwaficha urefu huo ili wito wangu upendeze, lakini nitakuwa nimewadanganya. Ninaposema urudi kuuliza, namaanisha pengine mara mbili, pengine mara arobaini. Walioshinda Owino Uhuru hawakuwa na fedha kushinda kiwanda, wala hawakuwa na wakubwa kushinda wizara. Walikuwa na nakala. Walikuwa na karatasi za maabara, barua zenye tarehe, majina ya watu, na mtu aliyekataa kuchoka. Mahakama haihukumu kwa huruma, inasoma kilichoandikwa.

Si kila ardhilhali inakula miaka 15. James Wakibia, mpiga picha wa Nakuru, alichoshwa na mifuko ya plastiki iliyokuwa ikipepea kutoka jaa la Gioto hadi barabarani. Akaanza kwa jambo la mtaani, kutaka jaa lishughulikiwe, kisha akapanua dai lake: nchi nzima iache mifuko hiyo. Alipiga picha, akaandika magazetini, akawashawishi watu mtandaoni waseme neno moja kwa pamoja mpaka likafika masikioni mwa waziri wa mazingira wa wakati huo, Judi Wakhungu. Tangazo likatoka rasmi mapema mwaka 2017, na tarehe 28 Agosti mwaka huo marufuku ikaanza, yenye adhabu ya juu ya faini ya shilingi milioni nne au kifungo cha miaka minne. Rwanda ilikuwa imetangulia tangu 2008, na Tanzania ikafuata Juni 2019. Hakuwa peke yake, na serikali ilikuwa imejaribu kuizuia mifuko hiyo kabla yake ikashindwa. Lakini angalia alichokifanya: alichagua kitu kimoja kinachoshikika mkononi. Hakusema "tunataka mazingira bora." Kila mtu anataka mazingira bora, hata anayemwaga maji machafu mtoni. Alisema mfuko ule, uondoke.

Lamu nako walisema kitu kimoja: mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, wa megawati 1,050, usijengwe Kwasasi. Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na wavuvi walijua maji yao kuliko mchoro wowote wa mhandisi. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Rufaa la Mazingira likaifuta leseni ya mtambo. Sababu mojawapo kuu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Yaani wenye mradi waliiona sauti ya wananchi kuwa ni kikao cha chai na soda cha kukamilisha fomu, na hapo ndipo mguu wao ulipotelezea.

Na ndugu zetu wa Tanzania wana somo lao, zuri na chungu kwa pamoja. Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vifungu vya 13 na 17, vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na hata 14 kwa ruhusa ya mahakama, hali mvulana alisubiri 18. Julai 2016 akashinda. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikampa ushindi tena. Miaka ikapita baada ya hukumu hiyo na Bunge halikurekebisha sheria. Somo tamu ni kwamba mwananchi mmoja anaweza kuishinda serikali mahakamani mara mbili. Somo chungu ni kwamba hata hukumu inahitaji mtu wa kurudi kuuliza.

Sasa tuingie jikoni. Nimekwisha kuwaambia nilivyounguza chungu. Niwaambie na mapishi yenyewe, kwa wale walioko Kenya, ambako sheria ninaijua.

Ardhilhali kwa Bunge ina sheria yake ya mwaka 2012 inayoeleza utaratibu, na hauhitaji shahada kuufuata. Unaweza kuandika kwa Kiswahili. Narudia kwa sababu watu hawaamini: Kiswahili au Kiingereza, chaguo lako. Unaweza kuandika kwa mkono. Isiwe imefutwafutwa wala kujazwa maneno juu ya mstari. Iwe na majina, anwani, namba za vitambulisho, na sahihi au alama ya dole gumba, kwa hiyo mama wa mahamri hakuwa amekosea hata kidogo. Useme kwamba jambo lenyewe haliko mahakamani. Useme ulishajaribu wapi kabla ya kufika hapo na ulijibiwaje. Halafu mwishoni uweke maombi yenyewe: nini hasa unataka Bunge lifanye.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayowashinda wengi. Tunajua kulalamika. Kurasa tatu za kilio, kisha mstari mmoja: "tunaomba serikali iingilie kati." Iingilie kati wapi, ifanye nini, ikiwa na nani, mpaka lini? Andika kama mtu anayempa fundi kazi. Ukimwambia fundi "nitengenezee nyumba nzuri" atakula fedha zako na utakalia mchanga. Mwambie dirisha moja hapa, futi tatu kwa nne, kabla ya Ramadhani. Jaa liondolewe kwenye kiwanja hiki chenye namba hii, lori lije siku hizi na hizi, ofisa wa afya apime hewa ya darasa na majibu yabandikwe mlangoni mwa shule. Hapo mtu akitaka kukukatalia itambidi akatae kitu kinachoonekana.

Kisha nakala. Usiingie ofisini na karatasi moja. Nenda na mbili, ya kwao na yako, na ile yako ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe mbele ya macho yako. Karatasi isiyo na muhuri ni hadithi. Ukikaliwa kimya, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inakupa haki ya kuuliza ofisi ya umma ardhilhali yako imefika wapi, na ofisi inapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Wakikataa hapo, kuna Tume ya Haki katika Utawala, ile ambayo wengi huiita Ombudsman. Na ardhilhali iliyokwenda Bungeni hupelekwa kwa kamati, nayo kamati ina muda uliowekwa kwenye Kanuni za Kudumu wa kutoa ripoti. Uliza muda huo, uandike kwenye kalenda ya ukutani, pale penye bili ya umeme.

Kuhusu mtandao sina ugomvi nao. Sahihi elfu kumi za kubonyeza simu zina kazi yake, hasa kumwonyesha mkubwa kwamba anaangaliwa. Lakini nimeona vijana wakibonyeza ardhilhali ya msitu wa Amazon saa tatu usiku, na bomba la maji taka limepasuka nje ya mlango wao tangu Idi. Bonyeza, sawa. Halafu vaa ndala utoke. Mlango wa jirani unakupa kitu ambacho simu haikupi: anakuuliza swali gumu. "Tutalipwa?" "Ni ya chama?" "Wakija polisi utakuwepo?" Ukishajibu milango ishirini, utakuwa umeijua hoja yako kuliko mbunge atakayeisoma.

Lile swali la polisi si la mzaha. Omido alikamatwa. Mwanamazingira Wangari Maathai mwaka 1989 aliandika barua za kupinga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, na wabunge wakamdhihaki Bungeni kwa kuwa ni mwanamke aliyeachika. Wawekezaji wakaondoka, bustani ikabaki, na watoto wa wale waliomcheka wamecheza humo. Kwa hiyo sitawaambia kwamba sahihi haina gharama. Nitawaambia kwamba gharama hupungua majina yanapokuwa mengi. Jina moja hutishwa. Majina 112 inabidi yajibiwe. Kama kuna mtu mtaani ambaye kazi yake au hali yake itamponza, msimshurutishe. Atakuja na chai.

Na wewe uliye ng'ambo, Muscat au London au Toronto, unayesoma habari za nyumbani na kutikisa kichwa: usitutumie matusi ya kuitukana serikali, tunayo ya kututosha. Tutumie fedha za nakala na nauli. Uliza wa kwenu: ile barua ya maji imejibiwa? Mama akijua kwamba kila Jumapili utamuuliza, naye atamuuliza mwenyekiti.

Sisi tulirudi. Ilichukua miaka miwili kuona haya kutushinda. Daftari jipya, na safari hii la kurasa 200. Tulitafuta kwanza nani mwenye dhamana ya taka, tukakuta ni idara ya kaunti. Tukaandika jina la cheo chake, si Yeyote Anayehusika. Mwalimu wa shule akaandika tarehe ambazo madarasa yalifungwa kwa ajili ya moshi, na tarehe hizo zikafanya kazi kuliko machozi yetu yote. Mama wa mahamri akatutazama mlangoni, akasema, "Mmerudi? Mimi nilidhani mmekula mikopo yenu," akanyoosha kidole. Tulikuwa na wino.

Nakala yetu ikapigwa muhuri. Wiki ya tatu tukarudi kuuliza. Ya sita tukarudi. Ya tisa yule kijana wa mapokezi akatuona kwa mbali akacheka, akaenda ndani mwenyewe kabla hatujasema. Jaa liliondolewa nyuma ya shule, na lori likaanza kuja Jumanne na Ijumaa.

Ijumaa mbili zilizopita halikuja. Jumatatu saa tatu asubuhi tutakuwa pale ofisini, na nakala zetu mbili. Nawe ukiwa na karatasi yako iliyolala mahali chini ya chupa ya chai, siku hiyo hiyo nenda ukaiulize.